Miguu ya Mama na Meno ya Paka

Sikumwokota yule paka kwa huruma. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari ya mtu aliyeokota mtoto wa paka huanza kumwona mwema, na mimi mwaka ule sikuwa mwema. Nilikuwa nimechoka. Nilimwokota kwa sababu ya panya, na kwa sababu ya miguu ya mama yangu.

Mama aliletwa kwangu baada ya masika, kutoka kwetu kusini, kwa basi la siku mbili lililokwama njiani mara tatu. Alikuwa na kisukari. Nyayo zake zote mbili zilikuwa zimekufa ganzi, na kisigino cha kulia kilikuwa na kidonda ambacho mwenyewe hakukijua mpaka jirani yake alipoona alama za damu uani. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, nyuma ua wenye jiko na choo cha wote. Nikampa mama kitanda, nikalala chini kwenye mkeka.

Nilikuwa mshonaji katika ushirika wa mafundi cherehani, mtaa wa tatu kutoka nyumbani. Tulishona sare za shule, kaki kwa wavulana na buluu kwa wasichana, kama kitambaa kimepatikana. Kabla ya kazi nilikwenda kupanga foleni ya unga wa njano, au sukari, au sabuni, kutegemea siku hiyo watu wanasema nini kimefika dukani. Niliacha jiwe langu kwenye mstari linishikie nafasi, kama walivyofanya wote, nikarudi mbio kumkorogea mama uji, na nilipofika tena nikakuta mtu amelipiga teke jiwe langu na wa nyuma wamesogea mbele. Hapo ugomvi. Kisha kazini. Kisha jioni kumwosha mama miguu na kufunga kidonda. Watu waliniambia nina bahati kumlea mzazi wangu, nitapata radhi. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mama mwenyewe hakutaka kukaa mjini. Miaka kadhaa nyuma, watu walipohamishiwa vijijini, nyumba yake ilihamia kando ya barabara lakini mikorosho yake ilibaki kule kule ilikokuwa, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Aliipanda na baba tangu nikiwa mgongoni. Kila msimu alitembea kwenda kuokota korosho, na hakumruhusu mtu mwingine kuinama chini ya miti ile, hata mjomba wangu, ndugu yake wa tumbo moja. "Zinaanza kuanguka mwezi wa kumi," alikuwa akiniambia kila nilipokaa kitako. "Mimi mwezi wa tisa niko njiani." Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia wazi kwamba hatamruhusu kusafiri mpaka asikie sindano akichomwa kwenye wayo. Mtu asiyesikia miguu yake, alisema, asiende kutembea porini peke yake.

Asubuhi moja nilimfunua mama kanga miguuni nikaona kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kimegugunwa. Hakikuwa kimekatwa, kilikuwa kimeliwa ncha, kama mtu anavyoanza kula kipande cha muhogo akaitwa. Panya. Tumezoea kusema panya huuma huku akipuliza ili mtu asisikie. Kwa mama, panya hakuwa na haja ya kupoteza pumzi.

Mama alikitazama kile kidole muda mrefu.

"Wala sikuamka," alisema.

Nesi alikisafisha, akanivuta pembeni. Akaniambia kidonda kingine kikiingia uchafu watakata, kwanza kidole, halafu mguu, na nisije kwake nikisema sikuambiwa.

Siku ya pili yake, nyuma ya meza za wauza dagaa pale sokoni, niliona wafagiaji wamekusanya takataka kuzipakia kwenye mkokoteni. Katika lile fungu kulikuwa na watoto wa paka watatu. Wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu alikuwa anafungua mdomo bila sauti kutoka, macho yamegandana kwa tongotongo. Nikamtia kwenye kikapu juu ya dagaa wangu. Muuza dagaa akacheka, akaniambia, "Dada, hako si paka, hako ni chakula cha panya." Nikaenda zangu.

Mama alipomwona naye akacheka, mara ya kwanza tangu aje.

"Nimengoja mjukuu miaka yote hii," akasema, "leo umeniletea mwenye mkia."

Mama mwenye nyumba, Mzaramo mmoja mtu mzima aliyeishi chumba cha mbele, alisema udogo si neno. Panya wakinusa tu harufu ya paka watahama. Ikawa kweli. Katika wiki ya kwanza hatukusikia tena mikwaruzo darini. Lakini paka akapata nguvu, akafumbua macho, na akaanza kuuma.

Aliuma kila kitu kilichotikisika, hasa mikono na miguu. Nilikuwa narudi kutoka kazini vidole vimetobolewa na sindano ya cherehani, na yeye anamalizia palipobaki. Meno ya paka mchanga hayana tofauti na sindano. Nilimpiga kofi puani. Akadhani ndio mchezo umekolea, akaja kwa makucha yote manne. Nilimtupa nje uani. Akarudi kupitia uwazi wa chini ya mlango. Jioni moja aliruka kitandani akadaka kidole gumba cha mama, na mama akaendelea kunihadithia habari za jirani yake wa kijijini huku damu inatoka. Nilipiga kelele mpaka wapangaji wakatoka ukumbini.

Nilimwambia mama mwenye nyumba kwamba kesho namrudisha sokoni.

"Umrudishe panya warudi?" akaniuliza. "Samaki mkunje angali mbichi, mwanangu. Huyu kosa si lake. Paka hufunzwa na ndugu zake. Akimuuma mwenzake sana, mwenzake analia, anaondoka, mchezo unakwisha. Huyu wenzake wamekufa. Nani wa kumwambia kwamba kuuma kunauma?"

Akanifundisha. Nisimpige. Akiuma, nilie kwa sauti kama mtoto, "Aii!", halafu mkono utulie tuli, nisiuvute, maana anachopenda ni kile kinachokimbia. Kisha nimpe mgongo. Nisimtazame, nisimsemeshe mpaka apoe. Na nimpe kitu chake cha kuuma. Nikamshonea kijifuko cha vipande vya kaki, nikakijaza pamba, nikakifunga kamba. Akiuma kijifuko, namsifu. Akinigusa mimi kwa jino, "Aii!", na kumpa mgongo.

Nilijiona mpumbavu, mwanamke mzima nimekaa kwenye mkeka baada ya saa tisa za cherehani, nalia "aii" kwa ajili ya paka. Lakini siku zilivyokwenda meno yakapungua. Ilifika siku alinishika kidole mdomoni, akanitazama usoni, akakiacha. Nilifurahi kupita kiasi. Mwaka ule hapakuwa na vitu vingi vilivyonitii.

Lakini kwa mama meno hayakupungua hata kidogo. Kila jioni nilipomwosha miguu nilikuta alama mpya, vitundu viwili viwili kwenye vidole. Paka yule yule, mwenye adabu kwangu, kwa mama alikuwa mnyama wa porini. Nikaenda kwa wauza dawa nikanunua shubiri, ile ile chungu ambayo kina mama hupaka kwenye titi kumwachisha mtoto, nikaiyeyusha kwenye chupa, na asubuhi kabla ya kutoka nikampaka mama vidole vyote, nikiepa kidonda. Jioni, vitundu.

Ilinichukua siku nne kuujua ujinga wangu. Mama anaswali. Mara tano kwa siku anatawadha, na hata kisigino kikiwa kimefungwa, vidole lazima vipate maji. Ile shubiri yangu ilikuwa inateremka kwenye beseni adhuhuri, na mimi Mwislamu mwana wa Mwislamu sikuwaza. Mama mwenye nyumba aliponisikia nikijitukana alicheka mpaka akashika ukuta. Basi nikampa mama chupa, nikamwambia kila akimaliza kuswali ajipake mwenyewe. "Sawa," akasema. Wiki nzima akasema sawa. Na chupa haikupungua.

Sikuitilia maanani ile chupa, au niliitilia nikaiacha, maana kumuuliza kungeleta maneno na sikuwa na nguvu ya maneno. Kisha siku moja nyuzi zikaisha kwenye ushirika, tukaambiwa turudi nyumbani saa sita. Nilipita ukumbini kimya kwa kuwa wapangaji wengine walikuwa na mtoto mgonjwa amelala. Mlango wetu ulikuwa na pazia tu. Nikasikia mama anasema na mtu.

"Uma," alikuwa akisema taratibu, kwa sauti ile anayomsemeshea mtoto anayekataa kula. "Uma, baba. Uma vizuri. Usiogope."

Nikasogeza pazia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amefumba macho, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, anachezesha vidole. Paka amevibamba kwa mikono miwili na anatafuna.

Sikumwamkia. Hata shikamoo sikumpa. Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mama yake: kwamba nalala chini kama mbwa kwa ajili yake, kwamba nimekwisha, kwamba kama anataka kukatwa miguu aseme nimpeleke leo tusipotezeane wakati. Paka akakimbilia chini ya kitanda. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Panya aliponila sikusikia," akasema. "Nikasema, panya ana ujanja, anapuliza. Huyu hana ujanja. Huyu anauma waziwazi. Siku nikimsikia huyu, nitasikia na sindano ya yule binti wa kliniki, nitakwenda kwangu." Akajifunika miguu kwa kanga. "Kila siku namjaribu. Leo nilidhani nimesikia kidogo."

Nilikaa sakafuni pale pale. Nilitaka kuendelea kukasirika, kwa sababu hasira angalau inamsimamisha mtu, lakini ilikuwa imenitoka. Nilimwonea huruma mama, na nilijionea huruma mimi zaidi, nasema kweli.

Tulipatana jioni ile. Hatajaribu tena kwa meno ya paka. Na kwa kuwa paka alikuwa amekwishazoea kwamba miguu ile hailalamiki, ilibidi sasa ilalamike. Nikamwambia mama amwangalie kwa macho, na paka akimgusa tu kwa jino, alie "Aii!" kama anavyolia mtu aliyeumia, kisha aingize mguu ndani ya kanga atulie.

"Nilie kwa kitu nisichokisikia?" akauliza. "Huo si uongo?"

"Ni mafunzo, mama."

Siku za mwanzo alilia vibaya, kama mtu anayesoma neno asilolijua. Paka hakumwamini. Nikamwonyesha. Mama mwenye nyumba akaja kumwonyesha. Wanawake watatu chumbani tunapokezana "Aii!", hata mpangaji wa jirani akauliza kuna nini humo. Mama akajifunza. Alikuja kulia vizuri kuliko sisi wote, akikunja uso na kuvuta pumzi kwa meno, hata mimi nikawa nageuka nikiwa kwenye jiko la mkaa uani. Kijifuko cha kaki kikachanika kwa kutafunwa, nikashona kingine. Paka akaelewa. Mwishoni mwa mwezi wa nane alikuwa analala juu ya miguu ya mama mchana kutwa, na jioni nilipofunua kanga sikuona kitundu hata kimoja. Kidonda cha kisigino kikaanza kufunga.

Mwezi wa tisa tulikwenda kliniki. Mama alivaa kanga zake mpya, doti aliyoiweka kwa safari. Nesi alifungua bandeji, akafurahi, akasema kazi nzuri imefanyika hapa, na mimi nikaona haya kwa kusifiwa. Kisha akatoa sindano.

"Mama, geuka utazame ukutani. Ukisikia, sema."

Mama akageuka. Nesi akagusa wayo.

"Aii," akasema mama.

Nilimwamini. Nesi akagusa kidole gumba.

"Aii!"

Akagusa kidole cha kati. Mama akakunja uso, akavuta pumzi kwa meno. "Aii, binti, taratibu!"

Mara ya nne nesi aliileta sindano karibu na mguu akaisimamisha hewani, haijagusa kitu, mkono wake mwingine ukachakarisha karatasi ya pamba. Na mama, macho ukutani, akalia.

Nesi aliishusha sindano kwenye sahani. Hakusema na mama. Alinitazama mimi.

"Dada, wewe ndiye unayekaa naye. Mama anasikia?"

Mama alibaki ameelekea ukutani. Niliona bega lake limekaza chini ya kanga mpya. Tiketi ya basi ilikuwa inawezekana. Nilimjua mtu kituoni. Katika siku tatu ningekuwa nalala kitandani kwangu. Hakuna beseni, hakuna bandeji, hakuna uji wa alfajiri, na mama mwenyewe angekwenda akifurahi, akiniombea dua njia nzima. Lilikuwa neno moja tu, na wote wawili tulilitaka. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na sijawahi kulitamani neno kama nilivyolitamani lile.

"Hasikii," nikasema.

Tulirudi polepole, yeye kwa fimbo na viatu vyangu vya raba, mimi nimemshika kiwiko. Alikataa kupumzika mahali popote. Nyumbani nilimpa chakula. Alitawadha, akaswali, akakaa kitandani. Paka alipanda akajilaza miguuni pake, na mama hakumfukuza wala kumgusa. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikijifanya napindia sketi. Nilisubiri aniambie nimemsaliti, nilikuwa na majibu yangu tayari.

Baada ya magharibi akaniita.

"Una karatasi?"

Nikasema ninayo.

"Mwandikie mjomba wako. Mwambie korosho za mwaka huu aokote yeye. Aanzie miti ya bondeni, ile ndiyo inayotangulia kuangusha. Asiache watoto wakapanda, matawi yale ni mepesi."

Nikaandika. Nikakosea mara mbili nikafuta. Akangoja mpaka nimalize.

"Na mwambie miguu yangu haijambo."

Nilimtazama. Alikuwa ananitazama bila kupepesa, kama anayengoja kuona iwapo na hilo nitamkatalia.

Nikaandika hivyo hivyo, nikamsomea.